Gari Kuukuu na Maneno ya Sebuleni

Camry yetu ya mwaka 2006 ilifikisha maili 214,000 mwezi wa Februari. Mwezi huohuo gia boksi ikaanza kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari linasita kabla ya kusogea. Fundi akataja dola 3,400. Baba watoto akafunga boneti, akakaa kimya, na usiku ule tukakubaliana kwamba hatulitengenezi wala hatuliuzi. Tunalitoa hisani.

Jumamosi iliyofuata nyumba yetu hapa Maryland ilijaa watu wa hitima, na chai ilipokuwa ikizunguka nikalitaja gari. Kila mtu alikuwa na neno, na kila neno lilitoka kwa mtu ninayemheshimu. Nimeyachunguza maneno yale kwa wiki tatu. Nimesoma maelezo ya mamlaka ya kodi, nimepigia simu mashirika, nimeuliza mawakala wa meli. Ninayaandika kwa sababu wengi wetu tuliofika Marekani miaka ya 2000 tuna gari la namna hii limeegeshwa nje, na maneno yaleyale yanasemwa Columbus, Houston na Minneapolis.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu. "Toa gari, shemeji, serikali itakurudishia bei yake yote."

Neno hili lina chembe ya ukweli, ila ni ukweli wa zamani. Miaka ya tisini mtu alifungua kitabu cha bei za magari yaliyotumika, akaona gari kama lake linakwenda dola 4,000, akaandika 4,000 kwenye fomu za kodi hata kama lake halikuwa na breki. Novemba 2003 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti juu ya mchezo huo. Ilikadiria kwamba kwa mwaka wa kodi 2000 walipakodi wapatao 733,000 walidai nafuu kwa magari waliyotoa, na hazina ikakosa kodi ya dola milioni 654. Bunge likabadili sheria mwaka 2004, na tangu tarehe 1 Januari 2005 hesabu ni nyingine kabisa. Ukitaka kudai zaidi ya dola 500, thamani inayokubalika kwa kawaida ni ile bei ambayo shirika limeuzia gari. Camry yangu ikinadiwa kwa dola 900, ni 900, kitabu kiseme kinachotaka. Shirika linatakiwa kukuandikia fomu 1098-C ndani ya siku 30 baada ya kuliuza, na bei imo humo. Likiuzwa kwa dola 500 au chini yake, unaruhusiwa kudai thamani ya gari katika soko mradi isipite hizo 500.

Sheria imeacha milango mitatu. Shirika likilitumia gari kwa kazi zake kwa muda wa maana, kwa mfano kuwapelekea wazee chakula majumbani. Au likilifanyia matengenezo makubwa. Au likimpa mhitaji, au kumuuzia kwa bei iliyo chini sana ya soko, hapo unaruhusiwa kudai bei ya soko. Nitairudia milango hii, kwa sababu nyuma ya kila mmoja yupo mtu ambaye gari litamfaa.

Hata hivyo hizo 900 hakuna atakayekuletea mlangoni. Zinatolewa katika mapato yanayotozwa kodi. Aliye kwenye ngazi ya asilimia 12 ataokoa dola 108, na wa asilimia 22 ataokoa 198. Hapo ninamzungumzia anayeorodhesha matumizi yake moja moja. Walipakodi kama tisa katika kila kumi hawaorodheshi. Wanachukua punguzo la jumla, ambalo kwa mwaka wa kodi 2025 ni dola 15,750 kwa mtu asiye na mwenzi na 31,500 kwa mume na mke wanaojaza fomu pamoja. Shemeji yangu amepanga nyumba, hana riba ya mkopo ya kuorodhesha. Angetoa magari matatu, kodi yake isingeshuka hata senti.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelisema sebuleni, nami nalisema kwa sauti. Kuanzia mwaka wa kodi 2026, wasioorodhesha wanaruhusiwa kudai hadi dola 1,000 za hisani, au 2,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja, lakini iwe fedha. Gari halihesabiki. Kwa hiyo mwenye gari zima akiliuza mwenyewe kwa dola 1,500 na pesa akazipeleka msikitini, kanisani au kwenye shirika linalotambuliwa, yeye atapata nafuu ambayo mtoaji wa gari haipati, na shirika litapokea zaidi kwa kuwa hakuna mtu wa kati. Kama gari lako linatembea vizuri na una subira ya kuonana na wanunuzi, fanya hivyo. Sisi gari letu si zima, na sikuweza kumuuzia mtu gia boksi inayoteleza huku nikimtazama usoni.

Mzee mmoja wa Mombasa, ambaye ujana wake wote aliuza magari, aliweka kikombe chini akasema, "Hao ni madalali wenye jina la Mungu mdomoni. Huo mkate yatima hauoni."

Siwezi kumkatalia moja kwa moja, kwa sababu ripoti ileile ya GAO ina mfano unaouma. Mtu alitoa lori dogo la GMC la mwaka 1983, akadai dola 2,400. Mnadani likauzwa dola 375. Gharama za uchangishaji na matangazo zikala 312. Zikabaki 63, kampuni iliyoendesha zoezi ikachukua nusu, na shirika la hisani likapata dola 31 na senti 50. Wakaguzi walifuatilia magari 54 kwa namna hiyo, na kwa theluthi mbili ya magari hayo shirika lilipata asilimia 5 au pungufu ya thamani aliyodai mtoaji.

Ila katika mlolongo huo si lazima pawe na mwizi, na hapo ndipo Mzee anapokosea. Mashirika mengi hayana yadi wala fundi. Yanaajiri kampuni ya kupokea simu, kutuma gari la kuvuta, kulipia matangazo ya redio na kupeleka mnadani. Kulivuta gari la dola 300 kunagharimu sawa na kulivuta la dola 3,000. Gari la bei ndogo linaliwa na safari yake lenyewe. Tatizo jingine ni mtoaji kutojua pesa zinaelekea wapi. Mwaka 2017 ofisi ya mwanasheria mkuu wa Minnesota ilichapisha ripoti juu ya Kars4Kids, shirika ambalo wimbo wake wa tangazo watoto wetu wote wanaujua. Ilieleza kwamba katika miaka iliyochunguzwa, sehemu isiyofika asilimia moja ya pesa zilizotokana na magari ya jimbo hilo ndiyo iliyowafikia watoto wa Minnesota. Aliyesikia ule wimbo huenda alidhani anamsaidia mtoto wa mtaa wa pili.

Sasa tazama upande wa pili wa sarafu ileile. Mwaka 1996 huko Burlington, Vermont, ilianzishwa karakana inayoitwa Good News Garage. Ilipokea magari yaliyotolewa, ikayatengeneza, ikawapa watu ambao bila gari hawawezi kufika kazini. Vermont ni vijiji na milima, basi la umma ni la kubahatisha. Mwaka 1999 hapa Maryland ikaanza Vehicles for Change. Familia inaletwa na shirika la ustawi wa jamii, inapata gari lililokaguliwa kwa malipo madogo, na katika karakana yao wanafundishwa ufundi watu waliotoka gerezani. Gari moja linapita mikononi mwa mwanafunzi wa ufundi kisha kwa mama anayelea watoto peke yake. Hiyo ndiyo milango ya pili na ya tatu ya sheria, ikiwa imefunguliwa na watu halisi.

Karakana hizo nazo haziwezi kuokoa kila gari. Ikiwa gharama ya kulitengeneza imezidi, wanalipeleka mnadani, na wanakwambia hivyo ukiuliza. Kuuliza ndiko kunakotenganisha. Piga simu, uliza: gari langu mtalifanya nini? Nani analiuza? Katika kila dola mia za mnada, ngapi zinabaki kwenu? Anayejibu kwa tarakimu unaweza kufanya naye kazi. Anayejibu kwa kuwataja watoto tu, kata simu taratibu. Hesabu za kila mwaka za mashirika mengi ya hisani, fomu 990, ni za wazi kwa umma. Na kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, IRS, unaandika jina la shirika na kuona kama limesajiliwa kupokea michango yenye nafuu ya kodi. Ni kazi ya dakika tano.

Mjomba alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, "Mwanangu, lipakie melini lipeleke nyumbani. Kule Camry ni mali."

Neno hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Bandari ya Baltimore iko nusu saa kutoka kwetu, na ni miongoni mwa bandari zinazopitisha magari mengi zaidi Marekani. Niliona kabisa gari letu likishuka Dar es Salaam, likimpeleka mama mdogo kliniki. Nililala na picha hiyo siku mbili, kisha nikaanza kuuliza.

Usukani wa gari la Marekani uko kushoto. Kenya hairuhusu gari la namna hiyo isipokuwa magari ya kazi maalumu kama ya wagonjwa na ya zimamoto, na juu ya hapo gari lililotumika lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Camry ya 2006 haina hata pa kubishia. Uganda tangu mwaka 2018 haipokei gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa. Tanzania haijaweka ukomo wa umri, lakini hesabu yenyewe inakukatisha tamaa: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2,000, na yetu ni 2,400, kisha asilimia 30 nyingine kwa gari lililozidi miaka kumi, halafu VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo. Thamani inayotozwa ni ile ambayo mamlaka ya mapato ya Tanzania, TRA, inayo kwenye orodha yake. Risiti niliyojiandikia mimi haitasaidia. Nauli ya meli bado hujaitaja.

Tuseme pesa ipo. Bado kuna barabara. Aliyesafiri njia ya Tunduma anajua ilivyo kukaa nyuma ya lori la mizigo ukisubiri nafasi ya kulipita. Dereva wa usukani wa kushoto, katika nchi tunayoendesha upande wa kushoto, haoni kinachokuja mpaka awe ameshalitoa nusu gari katikati ya njia. Siwezi kumtumia mama mdogo zawadi hiyo.

Dada mmoja wa Bukavu, Kivu, mashariki mwa Kongo, alinikumbusha kwamba kwao, kama Rwanda na Burundi, wanaendesha upande wa kulia, hivyo usukani wa kushoto ndio unaofaa. Ni kweli, na Wakongomani wengi huvumilia magari ya Japani yenye usukani wa kulia kwa sababu ya bei tu. Kwa ndugu wa Kivu mwenye gari zima, wazo la Mjomba linastahili kupigiwa hesabu. Ila gia boksi iliyoharibika Baltimore itafika Bukavu ikiwa imeharibika vilevile, na imevuka bahari kwa nauli ya gari zima.

Kuna neno jingine ambalo watu walilisema kwa pamoja, kana kwamba halina mjadala: "Wakija kulivuta tu, umemaliza." Hili ndilo la hatari zaidi.

Jirani yetu wa zamani alimaliza namna hiyo. Watu walikuja na gari la kuvuta, akasaini hati ya umiliki sehemu ya muuzaji, sehemu ya mpokeaji ikabaki tupu, akawapungia mkono. Miezi minne baadaye zikaanza kuja bili za madaraja na njia za kulipia, kisha notisi ya gari lililotelekezwa mjini Newark. Gari lilikuwa limepita mikono mitatu na wote hawakujisajili. Kwenye kumbukumbu za serikali, mwenye gari alikuwa bado yeye. Alihangaika miezi mingi kuthibitisha kwamba alilitoa.

Kwa hiyo hati isitoke mkononi ikiwa na nafasi tupu. Andika jina la shirika, tarehe na maili, piga picha pande zote mbili. Hapa Maryland vibao vya namba ni vyako, havifuati gari: vifungue, virudishe ofisi ya magari ya jimbo, MVA, kisha ndipo ukatishe bima. Ukitanguliza kukatisha bima, faini inahesabiwa. Ndugu wa California ana siku tano za kuiarifu ofisi ya magari kwamba gari limetoka kwake. Wa Ohio lazima asaini hati mbele ya mthibitishaji, asisaini nyumbani kabla hajafika kwake. Popote ulipo, bandua kile kifaa cha kulipia barabara kilicho kwenye kioo, chukua rimoti ya geti la gereji, toa kadi ya usajili yenye anwani yako. Kama redio ya gari imeunganishwa na simu, futa majina. Kwenye boksi la mbele la gari letu nilikuta barua ya shule ya mwanangu ya mwaka 2011 na namba ya simu ya marehemu kaka yangu. Bila kukagua ningeziacha ziende.

Wapo waliosema gari lisilowaka halitakiwi na yeyote. Si kweli. Mashirika mengi yanachukua hata lililooza kutu, mradi lina hati na linafikiwa na gari la kuvuta. Chuma, betri na vipuri vina wanunuzi. Tofauti ni kwamba litakwenda mnadani au kwenye chuma chakavu moja kwa moja, na kitakachofika kwa mhitaji kitakuwa kidogo.

Neno la mwisho lilisemwa na bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, na sikulipatia jibu siku ile. "Mnatafuta shirika la nini, wanangu? Wapeni watu tunaowajua." Alimaanisha familia moja kutoka Kivu, waliokaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa Baltimore. Baba anafanya kazi ya usiku. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili jioni ili awahi zamu ya saa tatu, kwa mabasi mawili na mwendo wa miguu.

Kikodi hakuna unachopata. Zawadi kwa mtu binafsi haidaiwi, na sijali. Kodi ya zawadi haikuhusu pia, maana gari kama hili haliko karibu na kiwango cha dola 19,000 kwa mwaka 2025. Bibi ana haki. Kama gari ni zima, mpe mtu unayemwona, umsaidie kuhamisha hati, umlipie miezi miwili ya bima, na umpe namba ya fundi wako. Sijasikia mpango wa shirika lolote ulio bora kuliko huo.

Ila letu si gari la kumpa mtu wa mshahara wa mwanzo. Likimfia barabarani saa nane usiku, kulivuta ni juu yake, kulitengeneza ni dola 3,400, na akikosa zamu mbili anaweza kukosa kazi. Ningekuwa nimempa deni lenye magurudumu manne huku nikisikia raha ya kuitwa mkarimu. Baba watoto aliniambia jambo hilo kwa upole, na nililia kidogo, kwa sababu ninaipenda ile familia na nililipenda lile gari.

Tulichofanya ni hiki. Kijana wetu mkubwa anampeleka yule baba kazini siku tatu kwa wiki, na tunamchangia nauli siku zilizobaki mpaka apate leseni, kwa kuwa hata leseni bado hana, jambo ambalo sebuleni hakuna aliyekuwa ameuliza. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayemhudumia amemwandikisha kwenye orodha ya wanaosubiri gari lililotengenezwa. Camry tumeiahidi kwa karakana ya hisani yenye wanafunzi wa ufundi. Niliwauliza maswali yale matatu, wakayajibu kwa tarakimu.

Mwalimu wao wa gia boksi alikuja kuliangalia Jumanne. Akaliwasha, akalirudisha nyuma na mbele mara nne kwenye njia yetu ya kuingilia, akasikiliza. Nikamuuliza kama litapona au litakwenda mnadani. Akasema hawezi kuniahidi, mpaka wanafunzi wake waifungue waone. Wanakuja kulivuta Alhamisi. Vibao vya namba nimeshavifungua, viko juu ya meza ya jikoni.